Picha ya Baba Kitabuni

Juzi, katika maktaba moja Kitale, nilipekua vitabu vya historia na vya maisha ya watu mashuhuri. Nasoma kwa shida, lakini maduka matatu ni yangu, sioni haya. Harufu ya karatasi kuukuu ilinirudisha kwetu Malakisi nikiwa mtoto, mchana ule tumbaku ikikauka nje na baba akikohoa damu ndani.

Mwalimu, jirani yetu, alinifungulia kitabu chenye picha za watu mashuhuri. "Nasimiyu, watu wakiingia humu hawafi."

"Ati hawafi?"

"Si unawaona?"

Nilichukua picha pekee ya baba, nikaibandika humo kwa ugali, kimyakimya.

Baba alikufa jioni hiyo. Baadaye mwalimu alihamishwa, akaondoka na vitabu vyake. Mama aliitafuta ile picha hadi akafa, sikumwambia.

Sasa najua waliomo humo wengi ni marehemu. Bado kila kitabu kikuukuu nakipekua hadi mwisho.