Aliyenichoma Sindano Ndiye Atakayeniuguza

Mhariri, tafadhali usiandike jina langu wala la shule. Mimi ni msichana wa miaka kumi na sita, nasoma shule ya bweni upande wa Bungoma. Wazazi wangu wako Kitale, ambako baba anaendesha gari la ng'ombe kwenye shamba la mzungu.

Likizo iliyopita nilianguka kutoka juu ya magunia ya mahindi, nikatua kwa kiuno. Niliporudi shuleni maumivu yalianza kushuka kutoka kiunoni mpaka kwenye unyayo. Sasa vidole vya mguu wa kulia haviinuki, vinakwaruza chini nikitembea.

Nilimwambia rafiki yangu Nasimiyu peke yake. Tukiwa tunashona, nilimwomba anichome sindano pembeni mwa unyayo.

"Umesikia?"

"Bado."

"Na damu imetoka," akasema.

Ndipo nikamnong'oneza lile la aibu, kwamba hata mahali ninapokalia pamekufa ganzi, na sisikii haja ndogo ikija. Akanishika mkono. "Mimi ni dada yako. Haya yataishia kwangu."

Kesho yake sahani yangu ilikuwa imewekwa mlangoni, peke yake.

"Kula huko na ukoma wako," msichana mmoja akasema.

"Si ukoma tu, ati anakojoa kitandani pia."

Wakacheka. Nasimiyu aliendelea kula bila kuinua kichwa. Nilipomuuliza baadaye, alijibu, "Nilimwambia mmoja tu. Kwani ulitaka utuambukize sote?"

Nimefundishwa kwamba ukoma huonekana kwa mabaka ya ngozi. Mimi sina hata baka moja, na ganzi hii ilikuja baada ya kuanguka. Leo asubuhi nilijikaza nikamweleza mwalimu wetu yote. Akasema, "Mgongo ukiumia na mkojo usisikike ukija, mishipa ya fahamu imebanwa. Hiyo haingoji. Tunaondoka mchana huu."

Lakini hospitali ya misheni hutaka kila mgonjwa aje na mtu wa kumpikia na kumwosha. Mama ana mtoto mchanga, hawezi kufika upesi. Mwalimu, asiyejua lililotokea, amemchagua Nasimiyu, "kwa kuwa ninyi ni kama mapacha."

Kwenda nitakwenda, maana nataka kutembea tena. Ila shuka langu likilowa, atakayelibadilisha ni yeye, na akirudi shuleni ana mdomo. Wasomaji, najua majibu yenu yatanikuta nikiwa tayari hospitalini, lakini nishaurini: nitamkabidhije mwili wangu mtu aliyeniuza?