Namba Iliyompigia Baba Mara Mbili

Tovuti rasmi ya bahati nasibu niliifungua mara ya kwanza wiki ya tatu baada ya kumzika Baba. Nilikaa kwenye ngazi za nyumba yetu, Mji wa Kale, simu yangu mkono huu, kabambe yake, kile kisimu cha vibonyezo, mkono ule. Unga wa mahamri niliukanda asubuhi, ukaumuka mpaka ukamwagika kwenye sufuria, wala sikuinuka.

Baba alikuwa akiuza viungo katika soko la Marikiti. Alinilea peke yake tangu mama alipofariki, na nguo zake zote zilinukia bizari, hata kanzu ya Ijumaa. Mimi shule niliachia kidato cha pili, lakini kwa ndoto sijambo: nilitaka oveni kubwa, na duka la keki Ganjoni lenye kioo mbele. Kila tukinywa chai namhadithia. Yeye huuliza tu, "Oveni yenyewe ya trei ngapi, mamangu?"

Sikujua kwamba anacheza. Kwetu bahati nasibu ni kamari, na kamari ni haramu, hilo halina mjadala. Ndiyo maana siku aliponiletea kabambe jikoni alikuja kwa aibu, kama mtoto aliyevunja kikombe.

"Hebu nisomee. Eti nimeshinda. Hawa watu ni wa kweli?"

Ulikuwa ujumbe wa wizi: atume ada kwanza ndipo apate zawadi. Nilicheka mpaka nikashika ukuta.

"Baba! Na kofia yako hiyo! Nimwambie imamu?"

"Nyamaza wewe, majirani watasikia." Naye alicheka, lakini simu akaificha mfukoni haraka.

"Wote matapeli hao. Ukiona neno umeshinda, futa. Wakipiga, kata."

"Haya, mwalimu," akasema.

Zikapita wiki kadhaa. Siku moja akarudi kutoka sokoni uso unang'aa. "Leo matapeli wako wamenipigia! Nikawaambia, mimi nina binti aliyesoma, hamniwezi. Nikakata. Wakapiga tena, nikakata tena."

Nikampigia makofi. Nikamwongezea na mahamri mawili.

Sasa pale kwenye ngazi nilikuwa nikitafuta picha yake katika kabambe, nikakuta jumbe za tiketi. Hizo hakuzifuta, kwa kuwa hazikuwa na lile neno nililomkataza. Zilisema tu tiketi imepokelewa, namba yake hii, tarakimu alizochagua hizi, droo ya siku fulani. Katika kila tiketi alichagua tarehe niliyozaliwa mimi na tarehe aliyofariki mama. Mungu amsamehe. Nilitaka kujua tu kama aliwahi hata kukaribia.

Ile tovuti haina madoido. Matokeo yamepangwa kwa tarehe, hata ya miezi ya nyuma. Kuna kisanduku cha kuandika namba ya tiketi, nayo yenyewe itakwambia imeshinda au haikushinda, na siku ya mwisho ya kudai. Kwa maandishi makubwa wameandika kwamba mshindi hatozwi kitu. Chini yake wameweka namba moja ya simu, kwamba wakimpigia mshindi hutumia hiyo tu. Nilisoma huku machozi yananidondoka. Baba aliniuliza kama hawa watu ni wa kweli, na jibu lilikuwa pale, limeandikwa kwa Kiswahili chepesi, kwa ajili ya mtu kama yeye. Kabambe haifungui tovuti. Yangu inafungua. Ningetumia dakika mbili tu, nami dakika hizo nilizimaliza kwa kucheka.

Nikaandika tiketi moja moja. Haikushinda. Haikushinda. Ya tano ikasema imeshinda. Si ile zawadi kubwa ya kununua nyumba Tudor, la, lakini oveni ingekuja na trei zake zote. Chini yake: muda wa kudai umepita. Nikatazama tarehe. Ulipita Baba akiwa hai, mzima, akitwanga bizari.

Nilirudi kwenye kabambe, kwenye simu zilizoingia. Nikaiweka kando ya simu yangu, nikalinganisha namba ile ya tovuti, tarakimu kwa tarakimu, kwa kidole.

Ni hiyo hiyo. Mara mbili, asubuhi moja, zimefuatana.

Nami nilimpigia makofi.