Stuli ya Jikoni

Kila asubuhi, kupitia dirisha la jikoni, mke humwona mumewe akiigonga boneti mara mbili kabla ya kuifungua, kana kwamba anabisha hodi kwa watu. Ni gari dogo la spoti, la siku nyingi, paa lake turubai la kukunja, nalo lina miaka sita uani kati ya kamba ya nguo na tangi la maji. Kila spana huifuta kabla ya kuitumia, na akishaitumia huifuta tena. Akiulizwa gari litatoka lini, hujibu, "Likiiva nitakuita," kwa sauti ya mtu anayesoma mita. Mkewe aliapa zamani kwamba hapandi: viti viko chini mno, na goti lake bovu likishakunjika halikunjuki mpaka aitwe jirani.

Wiki iliyopita stuli yake ya jikoni ilitoweka siku mbili, ikarudi na alama ya chaki mguuni. Hakuuliza. Mtu mzima akikaa na stuli siku mbili, ana lake jambo. Leo mumewe alikuja mlangoni, mikono ameinawa mpaka viwikoni.

"Mama watoto, limeiva."

Mkewe aliketi kwenye kiti cha abiria bila goti kulalamika, sawasawa na anavyoketi jikoni akimenya vitunguu. Kiti kilikuwa kimeinuliwa hasa. Kichwa na mabega vilipita juu ya kioo cha mbele, kama rais anayekagua gwaride.

"Na upepo wote huu uniingie machoni?"

Mumewe alitoa mfukoni miwani ya kuzuia vumbi, mkanda wake umepunguzwa na kushonwa upya. Mkewe akaivaa. Ikamkaa barabara. Hakumbuki ni lini alipimwa kichwa.