Josho la Sungura

Mwanangu alikuja kuishi kwangu na mfuko wa salfeti, godoro jembamba na boksi la sabuni lenye sungura ndani. Alikuwa na miaka kumi. Mama yangu, aliyemlea kule Butiama tangu akiwa na mwaka mmoja na nusu, tulikuwa tumemzika wiki mbili kabla. Mtoto alizoea kumwita yeye mama. Mimi aliniita mama wa Musoma, na aliponisalimia alipiga goti kidogo, kama anavyosalimiwa mgeni wa heshima.

Sina wa kumlaumu. Nilimwacha kwa bibi yake ili nije mjini kufungua duka, na nilisema ni kwa mwaka mmoja tu. Butiama siyo mbali na Musoma. Ingekuwa mbali, leo ningekuwa na la kujitetea. Nilikuwa naenda Krismasi na Pasaka, nabeba sare za shule na sukari, nalala siku mbili, naondoka kabla hajanizoea.

Duka langu lipo Nyasho. Nauza dawa za mifugo: za minyoo, za kupe, chanjo za kuku, chumvi ya ng'ombe. Watu wanakuja kutoka Suguti na Nyegina, wazee wazima wenye mazizi makubwa, wananieleza mnyama anavyoumwa, nami nawapa dawa na kipimo. Wananiita daktari. Udaktari sijausomea. Nimesoma karatasi zinazokuja ndani ya maboksi, na nimekua nikitembea nyuma ya ng'ombe wa baba. Lakini watu wakikuita daktari kwa miaka minane, unaanza kuitika.

Siku ile ya kwanza nilifua kila alichokuja nacho. Nguo zake zilinuka moshi, samli na udaga wa muhogo, harufu ya nyumba niliyozaliwa mimi mwenyewe, nikaziloweka na kuzifua mara mbili kwa sabuni ya unga. Godoro nilimpa mzoa taka. Mtoto nilimpeleka kinyozi, kisha nikamsugua mwenyewe bafuni mpaka ngozi ikang'aa. Hakusema kitu. Nilidhani ni utii. Sisi watu wa Mara tunamsifia sana mtoto asiyesema.

Akabaki sungura. Alikuwa mweupe mwenye mabaka ya kahawia, na bibi alikuwa amemnunua mnadani Bunda miezi michache kabla ya kufa, alipojua hatapona, ili mtoto awe na cha kushughulika nacho. Kwangu alikuwa mgeni kabisa, na alinuka. Manyoya ya chini ya mkia yalikuwa yameshikana kwa mkojo na kinyesi, na boksi lilikuwa limelowa tangu safarini. Nilimweka barazani, lakini upepo wa ziwani ukawa unarudisha ile harufu sebuleni.

Mpangaji wa chumba cha mbele aliniuliza, "Dada, kumbe siku hizi unafugaga mbuzi ndani?"

Nikacheka naye. Moyoni nilikuwa nawaka. Nimekaa mjini miaka yote hii najitahidi nisinuke zizi, halafu zizi linanifuata mpaka mlangoni ndani ya boksi la sabuni.

Jumamosi nikamwambia mtoto, "Leo tunamwogesha huyu."

"Huyu hawamwogeshagi," akasema.

"Nani kakwambia?"

"Mama. Alikuwaga anampangusa tu na kitambaa cha maji ya vuguvugu, hapa nyuma penye uchafu, halafu anamkausha. Boksi ndo alikuwaga anabadilisha kila siku. Alisema kinachonuka ni boksi, siyo yeye."

Hayo ndiyo maneno mengi zaidi aliyowahi kusema tangu aingie nyumbani kwangu. Mtu mwingine angefurahi. Mimi nilimjibu hivi: "Huyo mama yako alikuwa na duka la dawa?"

Huyo mama yako. Nilimsema mama yangu mzazi hivyo, udongo wa kaburi lake haujakauka.

Lazima nieleze kuhusu josho, maana ndilo lililonidanganya. Kijijini kwetu ng'ombe walipelekwa josho kwa zamu, na mimi nikiwa msichana nilikuwa nyuma yao na fimbo. Ng'ombe anasukumwa kwenye mfereji wa saruji uliojaa maji ya dawa, anazama mpaka masikio, anaogelea, anatokea upande wa pili akitiririka. Kupe wote kwisha. Baba alikuwa akisema mnyama amezaliwa upya. Ile harufu kali ya dawa, inayowachefua watu wengine, kwangu mimi ndiyo ilikuwa harufu ya usafi. Hadi leo nikifungua chupa dukani navuta pumzi.

Basi nikachukua beseni. Nikamimina maji ya bomba, nikatia dawa ya kuogeshea ng'ombe. Kipimo nilikipunguza nusu, halafu nusu yake tena, nikajiona mwangalifu kupita kiasi. Kwenye ile chupa pameandikwa ng'ombe, mbuzi na kondoo. Sungura hakutajwa. Na mimi ndiye ninayewaambia wateja kila siku: kama mnyama wako hakutajwa hapa, usijaribu.

"Mshike miguu," nikamwambia mtoto.

Akanitazama. Halafu akashika, kwa sababu bibi yake alimfundisha adabu.

Nilimzamisha mpaka shingoni. Sikuwahi kujua kwamba sungura ana sauti. Alipiga yowe, mara moja tu, akajikunja na kurusha mateke, na mtoto akawa anatetemeka pamoja naye lakini hakumwachia. Mimi nilikuwa nasugua. Nilisugua tumbo, nilisugua chini ya mkia, nikamtoa na kumweka juani barazani, nimeridhika kabisa. Alikuwa amesinyaa, mdogo kama panya aliyelowa. Akaanza kujilamba.

Mtoto alileta shuka lake akataka kumfunika. Nikamwambia amwache akauke, asichafue shuka. Kufika mchana sungura alikuwa anatoa mate na shingo imelegea. Nilikimbilia dukani nikarudi na hiki na kile, glukosi, sindano ambayo sikujua nichome wapi. Mtoto alikuwa amempakata. Sikuthubutu kuuliza, niliona tu kwa jinsi alivyokuwa amekaa kwamba kazi imekwisha.

Alimzika mwenyewe, nyuma ya choo, kwa panga la kupalilia. Nilisogea nimsaidie.

"Nitaweza," akasema.

Nilitaka kulitupa boksi. Akasema ataweka madaftari yake. Alilikausha juani, akalisukuma chini ya kitanda, na nikafurahi kwamba amepata la kufanya.

Jumatatu alikuja dukani mtaalamu wa mifugo wa huko Kabasa, Bunda, ambaye huwa ananunua chanjo kwangu. Mtoto alikuwa ametoka shule, amekaa nyuma ya magunia ya chumvi anaandika. Sikuweza kujizuia. Nikasema, "Kuna mteja aliniuliza, eti sungura akinuka anamwogeshaje?"

"Mwambie huyo mteja wako sungura haogeshwi," akasema. "Ukimtumbukiza kwenye maji anashtuka, anaweza kufa hapo hapo. Na akiloa mpaka kwenye ngozi, baridi inammaliza, manyoya yake hayakauki upesi. Achukue kitambaa, maji ya vuguvugu kidogo, apanguse pale palipochafuka. Amkaushe na taulo vizuri. Manyoya yakiwa yameshikana, asivute, ayalainishe pole pole. Na kama kila siku analowa nyuma, huyo anaumwa, amlete tumwone."

"Na harufu?"

"Harufu ni ya banda. Abadilishe majani, asugue banda, likauke. Sungura mwenyewe ni msafi kuliko sisi, kutwa anajilamba."

"Na mtu akimtia dawa ya josho?"

Akacheka. "Daktari nawe! Si atailamba yote? Hakuna mtu anaweza kufanya hiyo."

Nikacheka pia. Nyuma ya magunia, penseli ilikuwa imesimama. Mtoto alikuwa amesikia kila neno: kwamba bibi yake hakukosea hata kidogo, na kwamba yule mteja nimemtunga. Baada ya muda penseli ikaendelea. Afadhali angenitukana. Angelia, angenirushia daftari, ningejua pa kuanzia. Jioni aliosha vyombo, akanipigia goti, akaenda kulala.

Tukaishi hivyo. Alikuwa anafaulu shuleni, anafagia uwanja bila kuambiwa, na wapangaji walinipongeza kwa mtoto mwenye tabia nzuri. Mimi nilikuwa nanawa mikono mara tatu kila nikifunga duka, maana ile harufu ya dawa sasa ilikuwa inanitapisha.

Halafu siku moja, yupo shule, nikawa napiga deki chumbani kwake. Nikalivuta lile boksi. Madaftari yalikuwa juu, matatu. Chini yake kulikuwa na khanga ya mama yangu, ile ya kijani iliyochakaa aliyokuwa akijifunga akikamua. Ilikuwa imeviringishwa na kufungwa kwa kamba ya katani. Haikuwa imefuliwa. Alikuwa ameificha tangu siku ya kwanza, wakati nazunguka na beseni langu nikidai nguo zote, sijui aliiweka wapi, mwilini au nje nyuma ya nyumba.

Niliifungua nikaitia usoni. Moshi, maziwa, na jasho la mama yangu. Nilikaa sakafuni nikalia kwa sauti, jambo ambalo sikulifanya hata msibani, kwa sababu msibani nilikuwa nashughulikia wageni. Niliona uchungu, na wivu pia, nakiri. Mama alikuwa wangu kabla ya kuwa wake, na nilichobakiza cha mama yangu mimi ni picha moja kwenye simu. Vingine nilivifua.

Nilipoinuka nikamaliza kupiga deki. Khanga nikaikunja, nikairudisha chini ya madaftari, nikalisukuma boksi palepale lilipokuwa. Nilijiambia jioni nitamwambia kwamba nimeiona, na kwamba sitaifua kamwe, na kwamba kama anaruhusu ningependa siku moja moja kuinusa.

Jioni alirudi kutoka shule, akanisalimia, akaingia chumbani kubadilisha nguo. Nilikuwa jikoni nasonga ugali, natafuta maneno. Tulipokula nikaona nisubiri kesho.

Kesho yake alipoondoka, nikalivuta tena lile boksi. Madaftari yalikuwepo. Khanga haikuwepo. Ndipo nilipokumbuka kwamba nilikuwa nimeikunja mara nne, pembe kwa pembe, kama ninavyokunja kila kitu, wakati yeye alikuwa ameiviringisha.

Upande wangu wa nyumba una vyumba vitatu na baraza. Nimefagia kila kona, na mpaka leo sijui ameihamishia wapi.