Bwawa la Tekla Bondeni

Hapa Ipogolo, ukimtafuta Tekla, usihangaike kwenda nyumbani. Shuka bondeni, kwenye vinyungu vya baba yake, zile bustani za bondeni zenye unyevu, utamkuta na mabuti yake ya mvua anaongea na kambale. Anawapa habari zote za jana, na wakichelewa kuja juu kula anawanunia. Mwanzoni sisi majirani tulimcheka mpaka tukachoka.

Alirudi kwa wazazi baada ya ndoa yake kuvunjika. Baba yake, Mzee Liberatus, akamkatia kona ya bonde ajaribu kufuga samaki, ila kwa sharti: mvua zikiisha bila bwawa lenye samaki, kona inakwenda kwa kaka yake, Silvester, aliyekuwa anaitamani kwa ajili ya kabichi. Na Silvester hakuficha hamu yake.

Kiangazi, mto Ruaha Mdogo ulipopungua, Tekla alizunguka kwenye madimbwi ya kando ya mto akichota kambale wadogo kwa tenga. Wengine aliwavua kwa ndoana, chambo kikiwa utumbo wa kuku anaopewa bure na wauza chipsi wa barabarani. Aliwabeba kwenye ndoo kichwani, na alikuwa na furaha ambayo hatukuwa tumeiona tangu arudi.

Kasoro ilikuwa kwenye kingo. Mkono wa Tekla umezoea tuta la kinyungu: unakata majani, unayafukia, yanaoza, mahindi yanashiba. Basi na kingo za bwawa akazijenga hivyohivyo, zikapendeza kweli. Hakuna aliyemkataza, maana sote tungefanya vilevile. Majani yakaoza ndani kwa ndani, na mvua kubwa ya kwanza ilipopiga, ukingo wa chini ukabomoka.

Asubuhi bwawa lilikuwa tope tupu. Kambale hasubiri kufuatwa. Palipo na unyevu anajiburuta. Walikuwa wameshuka kwenye mifereji ya shamba la Silvester, upande wa chini, katikati ya mahindi mabichi. Watu wakaja na mabeseni, hata wale ambao juzi tu walisema kambale ananuka. Tekla alikaa kwenye ukingo uliobaki akalia bila kujificha. Hakuwa analilia samaki peke yao. Alijua kona imekwenda, maana kambale wengine asingewapata mpaka kiangazi kijacho.

Silvester akafika na jembe begani. Mahindi yake yamelala, samaki wako shambani kwake. Angewachukua, nani angemlaumu? Alitukata jicho, akavua viatu, akaingia mferejini. Kambale wa kwanza alimponyoka. Wa pili alimchoma kwa mwiba wa ubavuni, akatukana, tukacheka. Wa tatu akamdhibiti, mnene kama mkono wake, akamtazama kwa muda mrefu. Kisha akatuambia mabeseni yetu ni mazuri sana, tuyatumie kumkusanyia dada yake samaki. Tulikusanya, wengine kwa kununa, na pipa la Silvester la kumwagilia likajaa.

Mzee Liberatus alipokuja aliuliza bwawa liko wapi. Tekla akainamisha kichwa. Aliyejibu ni Silvester, damu ikimchuruzika kidoleni.

"Baba, bwawa limebomoka, ila samaki wapo. Hiyo kona muachie tu Tekla. Na kipande changu cha chini akichukue, udongo wake ni mfinyanzi, hauvuji. Mimi kabichi nitapanda kule juu."

Mzee alimtazama mwanawe, akachungulia ndani ya pipa, akasema sawa. Tekla akauchukua ule mkono uliochomwa akaanza kuuosha, taratibu, kama wa mtoto, na Silvester, mwanamume mzima na ndevu zake, akauacha uoshwe. Tukaona aibu kuendelea kuwatazama. Tukachukua mabeseni yetu matupu, tukapanda kurudi nyumbani.