Aliyekuja Kuchongwa

Kama unatafuta hadithi ya kukubembeleza ulale, tafuta kwa mwingine. Hii ilinipata mimi mwenyewe, hapa Kalemie, na mashahidi wangu wawili bado wanakula na kunywa. Wala usisubiri nikuambie habari za usiku wa manane. Watu hudhani wafu wanapenda giza. Huyu alikuwa anakuja saa nane mchana, jua linachoma mabati, na treni inapiga honi kule bandarini.

Mimi ni seremala. Vitanda, milango, makabati, hivyo ndivyo vinavyonilisha. Lakini baba yangu, mtu wa Kirungu, aliniachia na kazi nyingine aliyoachiwa na baba yake: kuchonga sanamu za mapasa. Kwetu, pacha mmoja akifa, aliyebaki haachwi peke yake. Anachongewa mwenzake katika mti wa mulombwa, naye anamtunza, anamwosha, anampaka mafuta, na akila anamwekea. Na kwa kuwa mapasa wana uso mmoja, anayekuja kukaa mbele ya mchongaji ni yule aliye hai. Baba alikuwa na sheria moja ambayo hakuifanyia mzaha hata siku moja: anayechongwa hasemi. Kinywa kikitikisika, kisu kinapotea njia.

Mwaka jana alinijia mama mmoja mzee, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, sokoni, ambaye mtaa mzima tunamwita Mama Mapasa. Binti zake ni Kyungu na Kabange. Kabange aliolewa Ankoro, akafia huko, akazikwa kabla habari haijafika. Kyungu anaishi hapa mjini, na tangu alipoisikia habari ile hakutaka kuweka chakula mdomoni.

"Papa, huyu naye ataniishia mu mikono," mama akaniambia. "Waligombana juu yangu. Kabange alitaka nihamie kwake, Kyungu akakataa. Akamuambia, usikanyage tena mu nyumba yangu mpaka nikuite. Basi hakumuita. Sasa anasema mwenzake amekufa na hasira yake, na yeye pia anamufuata."

Nikamwambia mwanawe aje kesho akae, nitaacha kazi zote. Sikuwa nimewahi kumwona Kyungu, na wala sikuona sababu ya kuuliza yukoje.

Kesho yake, kweli, mwanamke akaja. Hakuja kwa njia ya sokoni, alitokea upande wa ziwa. Alinisalimia kwa kichwa, akaketi juu ya kiti kifupi bila kuonyeshwa. Nikamtazama, nikajisemea moyoni: huyu ndiye asiyekula? Mbona mashavu yamejaa hivi? Nikaona akina mama wanapenda kukuza mambo. Nikashika tezo, nikaanza.

Akawa anakuja kila mchana, saa ile ile. Niamini, sijapata kuchonga mtu mtulivu namna ile. Jambo moja tu lilinisumbua. Karakana yangu ina vumbi la mbao ambalo humng'ang'ania kila anayeingia, hata kasisi alipokuja kuagiza mlango alitoka mwekundu hadi magotini. Mwanamke huyu akiinuka, kitenge chake kilikuwa safi kama kimetoka kwenye kamba. Nililiona jambo hilo. Nikasema ni usafi wake tu.

Lakini alitaka kusema. Kila nilipofika kwenye midomo alivuta pumzi, akafungua kinywa, na kila mara nilimkatiza kwa heshima zote: "Mama, munyamaze kidogo, niko kwenye kinywa." Naye alitii. Hata siku ya mwisho, alipokwisha kusimama mlangoni, aligeuka akafungua kinywa tena, nami nilikuwa namalizia kona ya mdomo, nikainua mkono kumzuia. Nilipoinua macho hakuwapo.

Jioni hiyo Mama Mapasa akaja, amechoka, macho yamevimba.

"Papa, utusamehe sana," akasema. "Kyungu hakuja hata siku moja. Usiku ule ule nilipotoka hapa tulimupeleka hopitali. Yuko na serumu mu mukono mpaka leo. Nilikosa mutoto wa kukutumia habari."

Ungekuwa wewe ungemjibu nini? Mimi niliogopa, sifichi. Nilitoa kitambaa juu ya sanamu. Mama aliutazama uso, kisha sikio la kushoto, ambalo nilikuwa nimelichonga kama nilivyoliona, ndewe imechanika vipande viwili. Akaketi chini pale pale kwenye vumbi.

"Kyungu hana hii," akasema.

Tulikwenda hospitalini pamoja. Kyungu alikuwa mifupa na macho. Mama akamlaza ile sanamu kifuani, naye akaipapasa kwa kidole mpaka kwenye lile sikio, kidole kikasimama.

"Ni mimi nilimupasula hapa," akasema. "Tulikuwa watoto, tunagombania hereni." Kisha akanigeukia. "Nilimukataza nyumba yangu. Njo maana alikuja kwako, Papa."

"Muntu wa hasira hawezi kuja kukaa siku zote zile kusudi wewe upone," mama yake akamwambia.

Kyungu akalia kwa sauti, wagonjwa wote wakageuka. Alipomaliza kulia akaomba uji.

Ndivyo alivyopona. Sasa anauza ndagala na mama yake, na sanamu inakaa kwenye kiti chake nyumbani kwake, inawekewa chakula. Ningependa nikuambie kwamba yameishia hapo. Lakini kila Jumapili baada ya misa Kyungu huja karakanani, huketi, na kuniuliza swali moja: "Papa, alitaka kusema nini?"

Ningeweza kumdanganya. Nikisema, "Alisema amekusamehe," nani angenibishia? Neno hilo limenifika ulimini mara nyingi. Lakini kinywa kile nilikichonga mimi, nakijua kuliko changu, na kilichokuwa ndani yake sikukisikia. Basi namwambia kweli: "Sijui, Mama. Nilimunyamazisha." Anaitikia kwa kichwa, anakaa kidogo kana kwamba huenda nitakumbuka, kisha anakwenda zake. Hajanilaumu hata mara moja, na hilo linaniuma zaidi.

Sheria ya baba nimeiacha. Siku hizi wanaokaa mbele yangu wanasema wanavyotaka, na mke wangu anacheka kwamba sanamu zangu zote zina midomo ya upande. Acha ziwe hivyo. Nawe unayesikia haya, mtu akiketi mbele yako akafungua kinywa, weka chini ulichoshika umsikilize. Kama ni mzima au ni marehemu, utaulizia baadaye.