Mama Mkwe wa Darasa la Kwanza

Mhudumu wa shule ile alikuwa mtu wa funguo. Kwa miaka ishirini na saba alifungua madarasa asubuhi, akayafagia, akayafunga jioni, na aliyeingia na matope alisemwa hata kama ni mwalimu mkuu. Wanafunzi walimwita Komeo, jina likamganda kama kupe.

Vita vilipokaribia, walimu waliondoka na wanafunzi wakafuata wazazi wao. Komeo akabaki na funguo. Wiki haikuisha, watu waliokimbia mitaa ya bondeni walijaa getini na magodoro vichwani. Mbele yao alisimama mama mkwe wake.

"Mwanangu," akasema, "binti yangu nilikupa bila kukusimamisha mlangoni. Fungua."

Komeo akafungua. Watu mia mbili na kumi na wawili wakaenea katika madarasa manane.

Siku ya kumi na moja akaja afisa wa kamati ya usalama, mtu mwembamba mwenye faili nene. Alieleza kwamba pande zote mbili zinazopigana zilikuwa na orodha ya shule zisizoruhusiwa kupigwa. Shule hii haikuwemo.

"Kwa nini, mheshimiwa?"

"Shule isiyo na wanafunzi ni jengo tu. Majengo hayamo kwenye makubaliano."

"Lakini humu mna watu."

"Watu nao hawamo." Afisa akafunga faili. "Pateni wanafunzi mia mbili, wenye sare, mwalimu na daftari la mahudhurio. Nitakuja Alhamisi kukagua."

Watoto walipohesabiwa walifika sabini na wanane. Basi Komeo, ambaye mwenyewe aliiacha shule darasa la sita, akawa mwalimu, akawaandikisha na watu wazima. Fundi cherehani, jirani yake wa miaka mingi, akakata mapazia ya ofisi ya walimu na kumshonea kila mtu kola ya bluu. Vikongwe wakapangwa darasa la kwanza, mama mkwe dawati la mbele.

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Mkwe husalimiwa kwa macho ya chini. Utamwambiaje kwamba herufi yake imesimama kichwa chini miguu juu? Komeo alifundisha akiutazama ubao, na mama mkwe alipokosea, alimkaripia fundi cherehani aliyekaa naye.

"Samahani, mama," alijikaza siku moja. "Sita na saba ni kumi na tatu."

"Mimi nimeandika kumi na nne."

"Naona, mama."

"Ile moja nimeongeza mwenyewe. Unanizuia?"

"Sikuzuii, mama."

Alhamisi afisa alipita dawati kwa dawati, akasimama mbele ya bibi huyo.

"Mwanafunzi, una miaka mingapi?"

"Sabini."

Afisa akahangaika na kalamu. Nafasi kwenye fomu ilikuwa ya tarakimu moja.

"Andika saba," mama mkwe akamsaidia. "Hiyo sifuri nitaibeba mwenyewe."

Akaandika saba. Shule ikaingia kwenye orodha, na watu wakalala usingizi ambao hawakuwa wameulala kwa mwezi mzima.

Jumatatu asubuhi, saa nne kasorobo, mama mkwe aligoma. Alitaka kupandishwa darasa la pili papo hapo, akatoka akaketi uani, na darasa zima likamfuata kumbembeleza. Komeo alikuwa ameinama mbele yake, anaomba radhi asiyojua ya kosa gani, kombora lilipopasua paa la darasa la kwanza.

Ndani alikuwa amebaki fundi cherehani peke yake, anarekebisha kola ya mtu. Komeo alifukua matofali kwa mikono hadi kucha zikang'oka. Alipomfikia, fundi alikuwa ameshakufa, na uzi ulikuwa bado umo kwenye sindano.

Walimzika nyuma ya madarasa. Kaburini Komeo alifungua daftari la mahudhurio, akaita jina la fundi. Mkewe fundi ndiye aliyeitikia, "Yupo."

Siku ya pili afisa alirudi. Upande mmoja, alisema, umetoa taarifa kwamba hauwezi kupiga shule iliyo kwenye orodha, kwa hiyo haikupigwa. Upande wa pili umekiri ilipigwa, lakini unatilia shaka umri wa wanafunzi. Yeye amekuja kuwaondoa kwenye orodha, kwa sababu shule lazima iwe na paa.

"Mapaa saba yapo," Komeo akasema.

"Fomu inataka yote."

Komeo akaenda getini, akafunga kufuli, akatia ufunguo mfukoni.

"Unafanya nini wewe?"

"Nakuandikisha, mheshimiwa. Darasa la pili lina nafasi."

Afisa alifoka, akatishia, mwishowe akatoa simu. Akawapigia wakubwa wa upande huu, akawapigia na wa upande ule: "Jamani, mimi nimo humu! Mimi mwenyewe!"

Shule haikuguswa tena. Kwa siku kumi na tisa makombora yalipita juu yake kama yanayokwepa dimbwi. Afisa alikaa dawati moja na mama mkwe, aliyekuwa amepandishwa darasa, akimfundisha kutoa kwa kukopa. Alisema bibi huyo ni mbishi lakini ana akili.

Mapigano yalipositishwa, Komeo alifungua geti na afisa akaondoka bila kuaga. Mwezi uliofuata ikaja barua kutoka idara ya elimu. Komeo aliisoma chini ya ngazi iliyoegemezwa kwenye ukuta wa darasa la kwanza, bati la kuezekea paa likiwa kando yake. Mjane wa fundi ndiye aliyekuwa ameishikilia ngazi.

"Wamesemaje?"

"Nimeachishwa kazi. Nimeendesha shule bila kibali."

"Na hili bati?"

Komeo akaigeuza barua, akatazama na upande wa nyuma.

"Bati hawakulitaja," akasema, akalibeba, akapanda.